Mninga wa Mwinyi Zahoro

Mwinyi Zahoro, tajiri mwenye kiwanja, alimwamuru Tatu, fundi seremala, aukate mninga ambao mamake Tatu aliuzia vitumbua kivulini mwake.

"Nataka meza ya mninga mtupu! La sivyo, wewe na mamako hameni kiwanjani kwangu."

"Utakula juu ya mninga huohuo, Mwinyi."

Meza ilipofika, Mwinyi aliwaalika wakubwa wa mji, akatamba, "Mninga mtupu huo! Gongeni msikie!" Wakagonga, wakasifu.

Kesho yake akapita kwa Tatu, akaukuta mti umesimama, umepungua tawi moja tu.

"We Tatu! Ndani ya meza mna nini?"

"Mwembe, Mwinyi. Mninga nimeuchana mwembamba kama ganda la kitunguu, nikaubandika juu."

"Twende kwa kadhi!"

"Twende. Ila tuwapitie kwanza wageni wako, uwaambie jana waligonga nini."