Mapazia ya Mzee Zefania

"Pazia la majivuno hulipiwa kodi." Ninyi vijana mmeisikia methali hii leo sokoni, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Ketini basi msikilize, maana aliyeisema kwanza hakuwa akicheka.

Chini ya milima ya Upare, katika mji mdogo wa kando ya reli, alikuwako Mzee Zefania Mbonea, mwashi mstaafu. Kwa jasho lake alikuwa amejenga nyumba ya vyumba kumi na viwili vya kupangisha. Karakana ya reli ilipofungwa, vyumba vitano vikabaki vitupu, navyo vikakaa hivyo miaka mitatu. Mjini pale, mwenye nyumba aliyekosa wapangaji alisemwa kuwa ana mkono wa nuksi. Zefania hakuweza kustahimili aibu hiyo. Akanunua mapazia ya maua, akayatundika katika madirisha ya vyumba vile vitano, na kila alipoulizwa hali baada ya ibada alijibu, "Kwangu kumejaa pomoni!"

Kwa serikali, hata hivyo, hakusema uongo. Kila mwaka alijaza fomu ya kodi ya mapato kwa pango la vyumba saba, wala hakupunguza senti moja. Alidhani kwamba maneno ya barazani na maneno ya fomu ni wageni wasiokutana njiani.

Yakakutana. Mchana mmoja alifika mkaguzi wa kodi, Bwana Kalyoma, jalada kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mzee wangu, umeandika vyumba saba. Nami nimehesabu madirisha kumi na mawili yenye mapazia, na kila niliyemwuliza amesema kwako kumejaa."

"Vile vitano havina watu," Zefania alisema. "Mwaka wa tatu sasa."

"Basi mapazia yanamsitiri nani?"

Zefania alichukua funguo. Akavifungua vyumba, ndani mlikuwa na vumbi na popo.

"Leo ni vitupu, nakubali," mkaguzi alisema. "Lakini ile miaka mitatu nitaisoma wapi? Usiponipa ushahidi, nitakadiria pango la vyumba vyote, na adhabu juu yake."

Zefania aliitazama nyumba yake, akaiona tayari imepigwa mnada.

Ndipo Nakunda, mjane mshona nguo wa chumba cha kwanza, aliyekuwa amesikia yote, alipoinuka kwenye cherehani na kuja na daftari lililokunjamana.

"Baba mwenye nyumba, nisamehe. Nitakuvua nguo mbele ya mgeni."

"Nivue, mwanangu. Heri uchi kuliko mnada."

Wapangaji wale walitumia bomba moja la uani, na ankara ya maji waligawana sawa kwa kila chumba chenye mtu. Nakunda ndiye aliyekusanya. Kila mwezi alibandika ankara katika ukurasa wake, na kila mpangaji akatia sahihi kwa sehemu yake. Bwana Kalyoma alifunua kurasa thelathini na sita, moja baada ya moja. Kila ukurasa ulikuwa na sahihi saba.

"Na kama wa nane alikuwapo, ila hakuandikwa?"

"Wa nane!" Nakunda alicheka. "Bwana, hapa uani hata shemeji aliyekuja kwa siku tatu tunamdai pesa ya ndoo yake ya maji. Wa nane angekunywa bure, sisi tukimtazama?"

Mkaguzi naye akacheka. Kisha akaandika kwamba hesabu za mzee ni za kweli, akafunga jalada. "Fomu yako haikuwa na kosa, mzee. Ulijishtaki mwenyewe kwa mapazia."

Zefania alimshika Nakunda mikono miwili.

Jumapili alisimama mbele ya usharika mzima. "Namshukuru Mungu kwa daftari la Nakunda, na kwa mkaguzi aliyekubali kulisoma. Nimewadanganya, ndugu zangu. Vyumba vyangu vitano ni vitupu."

"Vitupu?" aliruka mama mmoja katika safu ya nyuma. "Na binti yangu mwalimu anatafuta chumba tangu Pasaka! Tulipita kwako mara mbili, tukaona mapazia, tukarudi!"

Watu wakaangua kicheko. Zefania alisubiri hadi wakatulia, kisha akasema polepole, kama mtu anayetoa sadaka:

"Mtafunguliwa chumba leo, mama. Nanyi nyote wafundisheni watoto wenu: pazia la majivuno hulipiwa kodi."