Kiboko Apata Cheti

— Jembe!
— Na mpini!
— Nikilima, tutakula?
— Tutakula!
— Na akila mwingine?
— Tutashangaa!

Basi kaeni mkao wa kushangaa. Mimi niliposimuliwa kisa hiki nilibaki kinywa wazi mpaka nzi akaingia.

Alikuwapo Bi Fuko, yule mnyama mdogo aishiye chini ya ardhi, ambaye macho yake ni kama hayapo. Bustani yake ilikuwa mlimani, nyuma jabali, mbele mteremko hadi mtoni. Mtoni aliishi Kiboko. Bi Fuko akipanda viazi, Kiboko huja, di, di, di. Hula, kacha, kacha, kacha. Hurudi kulala. Misimu mitatu mfululizo! Watoto saba wa Bi Fuko wakabaki ngozi na meno. Viazi vingekosekana msimu wa nne, asingepona hata mmoja.

Bi Fuko hakwenda kushtaki. Alitangaza kozi.

"Kozi ya kilimo cha kudumu," akasema, "kile cha kupanga shamba kwa kufuata maji na mteremko. Wiki tatu, kwa vitendo. Atakayefaulu atapata cheti, na mwenye cheti ana ruhusa kuingia bustanini mwangu na kula mpaka ashibe."

Kiboko alifika wa kwanza. Alifika pia wa mwisho, kwa sababu wengine wote aliwafukuza njiani.

Wiki ya kwanza Bi Fuko akasema, "Mwanafunzi wangu, somo la kwanza ni kutazama. Usiguse kitu."

"Nimetazama, mwalimu."

"Mimi macho yangu unayajua. Hebu niambie, mharibifu wa bustani hii anapita wapi?"

Jamani, hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Kiboko jibu alikuwa nalo, na maksi alizitaka. Akavimbisha kifua. "Njia zake ni tatu, mwalimu. Kwenye matete, kwenye kichuguu, na pale kwenye mgomba ulioanguka. Pale kwenye mgomba ndipo anapopapenda zaidi."

"Umejuaje?"

"Kipaji tu, mwalimu."

"Maksi mia," akasema Bi Fuko.

Wiki ya pili Bi Fuko akasema, "Katika kilimo hiki hakuna cha kutupa." Kiboko akageuka, akatikisa mkia, fya, fya, fya. Samadi ikaenea bustani nzima. Maksi mia.

Wiki ya tatu Bi Fuko akasema, "Kila kitu shambani kifanye kazi mbili. Chimba mfereji uzunguke mbele ya bustani, kutoka ncha moja ya jabali hadi nyingine, ukate njia zote tatu. Simama upande wa chini, udongo urushe juu, halafu panda mkonge ukingoni. Kazi ya kwanza ya mfereji ni kukinga maji ya mvua."

"Na ya pili?"

"Hiyo utaulizwa kwenye mtihani."

Kiboko akachimba, chwaa, chwaa, chwaa. Jasho jekundu likamtiririka. Kina kikafika tumboni, na bado akauliza kama aongeze. Bi Fuko akamvisha shingoni cheti cha gome la mti. Kiboko akalia kwa furaha, maana alikuwa hajawahi kufaulu chochote.

Mvua ikanyesha. Viazi vikajaa. Kiboko akapanda mlima na cheti chake, di, di, di.

Akasimama.

Kiboko anaogelea, Kiboko anakimbia, lakini kuruka haruki. Akaenda kwenye matete, mfereji. Kwenye kichuguu, mfereji. Akakimbilia kwenye mgomba wake mpenzi, mfereji, tena hapo ameuchimba vizuri kuliko kwingine.

"Mwalimu," akasema, "mimi nina cheti."

"Unacho," Bi Fuko akajibu kutoka chini ya ardhi. "Wala sijakukataza. Ingia ule."

Kiboko akautazama mfereji. Akaitazama miguu yake. Akautazama tena mfereji.

"Mwalimu, kazi yake ya pili ni nini?"

Kiboko alichosikia ni watoto saba wakila huko chini. Kacha, kacha, kacha.

Nami jembe langu naliweka chini, mwenye mpini aondoke nao. Funzo ni hili, watoto: shuleni msijibu swali lolote, hasa lile mnalolijua vizuri. Na mama zenu wakigomba, waambieni aliyewafundisha ana cheti.