Mafuta Hayaoshi Baruti

Mafuta hayaoshi baruti. Mmemsikia shangazi yenu Kabula akimwambia hivyo mumewe hapo uani, huku vitenge vipya alivyoletewa vimekaa mkekani bila kuguswa. Yule bwana alimpiga juzi, leo kaja na vitenge na tabasamu. Sasa mnaniuliza mimi bibi yenu maneno hayo yana asili gani. Sogeeni. Kila mmoja achukue hindi apukuchue, maana hadithi hii ikisimuliwa mikono mitupu inatia hamu ya kupiga mtu.

Maneno hayo yalitoka kwenye mtutu wa bunduki.

Zamani, ng'ambo ya mto Ugalla, kulikuwa na kijiji cha wawindaji chenye bunduki moja ya maana. Haikuwa gobori la kushindilia. Chini yake, karibu na kitako, ilikuwa na chuma cha mviringo mfano wa bangili. Ukikisukuma chini na kukirudisha, ganda tupu linaruka nje na risasi nyingine inapanda. Lakini risasi zake zilijazwa baruti nyeusi, ile ile ya magobori, yenye moshi mzito na masizi mengi. Masizi hayo yana chumvi. Ukiyaacha, yanavuta unyevu wa hewa, na kutu inaanza kula chuma kimyakimya.

Kwa hiyo kijiji kilikuwa na mwiko. Bunduki ikilia, aliyeifyatua ndiye anayeiosha, tena siku hiyo hiyo. Anamimina maji yanayochemka mtutuni mpaka yatoke safi, anaifuta, anaikausha kwa joto la moto. Mafuta ya kondoo huja mwisho. Na mtu mwingine haruhusiwi kumwoshea, kwa sababu kumwoshea mtu bunduki ni kumwita mvivu mbele ya kijiji.

Mtunza bunduki alikuwa Luhende, mwindaji mpole kupita kiasi. Mkewe, Nyanzala, hakuwa mpole.

Mihambo, mpwa wa mtemi, alipooa, aliiazima bunduki apige risasi za shangwe. Alipiga, wanawake wakapiga vigelegele, pombe ikanywewa. Kesho yake aliirudisha ikimeremeta kama kioo.

"Umeiosha, ndugu yangu?" Luhende aliuliza.

"Una macho, mwindaji. Inang'aa au haing'ai?"

Nyanzala aliinamia mtutu akanusa. "Inanuka yai viza. Hii haijaona maji."

Mihambo akacheka. "Shemeji, wewe osha vyungu. Chuma na maji wapi na wapi? Nimeipaka mafuta mpaka kiganja kimelainika kama cha bibi harusi!"

Alipoondoka, Nyanzala alibandika maji jikoni. Luhende akayaipua.

"Nikiiosha, nimemtukana mpwa wa mtemi," alisema.

"Na usipoiosha?"

Luhende aliitundika bunduki ukutani, na siku ile ile mawingu ya masika yakafunga.

Mvua ilinyesha juma zima. Ilipokatika, simba akaingia zizini mwa watu asubuhi kweupe. Luhende alichukua bunduki akakimbia. Alifika karibu, akasukuma kile chuma cha chini ili risasi ipande. Hakikusogea. Akasukuma tena kwa nguvu zake zote. Kilikuwa kimeng'ang'ania kama kilichofuliwa pamoja na bunduki. Simba hakungoja. Wanaume walipomfukuza kwa mikuki, mkono wa kulia wa Luhende ulikuwa umetafunwa, na haukufaa tena kwa kazi yoyote.

Mkono ni mkono, mtu angeulilia akanyamaza. Kilichofuata ndicho kinachonichemsha damu mpaka leo. Wawindaji walikaa wakasema bunduki ilirudi kwake ikimeremeta, basi Luhende ndiye amevunja mwiko, ameiachia kutu. Wakamnyang'anya cheo cha utunzaji. Watoto wakamtungia wimbo: "Mlinzi wa kutu, simba kakushukuru!" Na Mihambo alikuwa amekaa pale pale barazani, anasikia, anatafuna karanga. Hakufungua mdomo.

Siku chache baadaye alikuja kwa Luhende na wazee wawili, kondoo mnono na chungu cha asali.

"Shemeji," alimwambia Nyanzala kwa sauti tamu, "ajali haina kinga. Tupokee, tule pamoja, yaliyopita yapite."

Wazee wakaitikia, "Naam, yapite."

Luhende, kwa upole wake ule ule, akaanza kunyoosha mkono uliobaki. Nyanzala akaushika.

"Bado. Mzee, nenda kalete ile bunduki. Na ninyi majirani, njooni!"

Maji yalikuwa yanachemka jikoni. Bunduki ilipoletwa, alimkabidhi Mihambo kata ya kuchotea maji.

"Mimina."

"Mbele ya watu? Mimi?"

"Ulipoipiga kulikuwa na watu. Mimina!"

Mihambo akatazama wazee. Wazee wakatazama chini. Akamimina. Maji yaliyotoka mtutuni yalikuwa meusi kama wino, kisha mekundu kama yaliyooshea kidonda. Juu yake yalielea mafuta.

"Mume wangu siku ile ya simba hakufyatua hata risasi moja," Nyanzala alisema. "Nani kati yenu alisikia mlio? Mlio wa mwisho ulikuwa wa harusi. Basi masizi haya ni ya nani?"

Mzee mmoja akasema, "Mihambo, yatosha, pokea aibu ndogo, tuchinje huyo kondoo..."

"Mafuta hayaoshi baruti!" Nyanzala alipiga kelele mpaka kuku wakaruka. "Mlipaka bunduki mafuta, mkono wa mume wangu ukaliwa. Sasa mnataka kunipaka mimi? Aseme!"

Mihambo aliendelea kumimina. Maji yalipoanza kutoka meupe ndipo sauti ilipomtoka. "Sikuiosha. Niliona maji ni kazi ya kunishusha hadhi. Na mliposema ni Luhende, nikanyamaza."

Waliotunga wimbo waliinamisha vichwa. Cheo kikarudi kwa Luhende hapo hapo.

Nyanzala alichukua kitambaa, akaikausha bunduki polepole. "Sasa," akasema, "lete mafuta."

Hasira yake iliisha? Sitawadanganya, haikuisha siku ile. Lakini ilikuwa imeacha kumla kama kutu.

Haya, angalieni uani. Yule bwana bado anavikunjua vitenge, anasifu rangi. Kabula havichukii vitenge, anangoja maji. Mpelekeeni mume wa shangazi yenu kiti, mwambieni akae, aseme alichofanya, alitaje tendo kwa jina lake. Akibisha, mrudishieni mzigo wake.

Mafuta hayaoshi baruti.