Mwalimu Leokadia na Picha Zisizo na Doa Jipya

Ndugu zangu, haya nimesimuliwa na mtu aliye karibu na waliohusika. Nikaona nisikae nayo peke yangu.

Daktari Machumu alikuwa bingwa wa magonjwa ya ubongo katika hospitali moja kubwa. Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwemo Leokadia, mwalimu wa sekondari aliyesimamia timu ya netiboli ya shule. Leokadia alikuwa na ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mtu mwenyewe, ikashambulia mishipa ya fahamu na kuacha madoa meupe kwenye ubongo.

Zamani daktari aliyatafuta madoa hayo kwa macho, akiinamia picha za ubongo zilizopigwa kwa mashine ya MRI mpaka shingo inauma. Kisha hospitali ikapata programu ya kompyuta. Unaiwekea picha za zamani na za sasa, nayo inapima kila doa na kukuambia lipi limekua na lipi ni jipya. Daktari aliipenda sana, na alikuwa na haki, maana ilinasa hata vidoa ambavyo macho yake yalivipita.

Siku moja Leokadia alikuja na mumewe, Projestus.

"Daktari, miguu imekuwa mizito. Ngazi za shule nazipanda kwa kushika ukuta."

Daktari akawageuzia skrini. "Tazama, mwalimu. Hakuna doa jipya hata moja. Ugonjwa umetulia. Huo ni uchovu tu, pumzika."

"Uchovu gani huu usioisha hata nikilala?"

"Programu hii haikosei," daktari alisema kwa upole.

Hakumwambia asimame. Hakumwambia atembee hata kidogo pale chumbani.

Alipokuja tena, Leokadia alieleza yale yale, akajibiwa vile vile. Baada ya hapo akaacha kueleza. Akiulizwa hali, alisema, "Nzuri tu." Aliona aibu kuonekana mtu wa kulalamika. Timu akamwachia mwenzake.

Kisha asubuhi moja Projestus alimleta amembeba mgongoni. Kuanzia kiunoni kwenda chini Leokadia hakuwa na nguvu.

Daktari aliagiza picha nyingine za ubongo, akakimbilia kompyuta. Hakuna doa jipya. Akamwita mwenzake aangalie kama programu imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa imesema kweli siku zote, kwa sababu ilitengenezwa kupima ubongo, na picha za ubongo ndizo pekee ilizopewa. Walipopiga picha ya uti wa mgongo, ambamo hupita mishipa ya fahamu iendayo miguuni, madoa yalikuwa huko, mengine ya siku nyingi.

Dawa zilibadilishwa, ugonjwa ukasimama. Miguu haikurudi.

Daktari alikwenda wodini, akakaa pembeni ya kitanda. "Mwalimu, nisamehe. Niliamini nimeangalia kila kitu."

Leokadia akamjibu, "Nilikuwa nimekaa mbele yako, daktari. Ungeniambia hata mara moja tu nisimame."



Wanaofanya kazi na Daktari Machumu wanasema siku hizi kila mgonjwa humtembeza kwanza kwenye korido, kabla hajagusa kompyuta. Lakini Leokadia anafundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na kila anapokuja kliniki, Machumu ndiye anayemfungulia mlango, macho chini.

Funzo: Kipimo hujibu kile tu kilichoulizwa. Mtu akikuambia anaumia, msikilize na umtazame yeye kwanza, kwa sababu kuomba radhi hakurudishi kilichokwisha kupotea.