Selfi ya Msituni

Kaeni vizuri. Mfano huu hamjausikia kwa mhubiri mwingine yeyote, nimeupika mwenyewe.

Alikuwepo bwana mmoja, ugonjwa wake ndege. Alikuwa kwenye grupu la WhatsApp la watu wa namna hiyo: ukimwona ndege unapiga picha, unarusha, wenzako wanakupigia makofi. Sasa kuna ndege mmoja, mgongo wa kijani, kifua chekundu kama kaa la moto, akitulia mtini hata jani la jirani halijui. Grupu zima walishamwona. Yeye, miaka saba, hola! Aliambulia manyoya tu chini ya miti, wakambatiza Bwana Manyoya.

Jumamosi moja akaapa: leo nisipomwona, darubini naitundika moja kwa moja. Tangu alfajiri mpaka saa tisa mchana, siafu miguuni, shingo imekakamaa, hakuna kitu. Akajipiga selfi, uso wa msiba, akarusha: "Jamani, natoka kwenye grupu. Mungu ameninyima."

Halafu mama mmoja mgonjwa, miguu haimtoi kitandani, ndege wote huwaonea kwenye picha za wenzake, akaikuza ile selfi kwa vidole, kisha akaandika neno moja: "Geuka."

Bwana akafura. "Hata wewe mama unanifukuza? Sawa, nageuka, naenda zangu nyumbani!"

"Wewe mtoto, hasira zitakuua! Nani kakwambia uondoke? Geuza shingo. Polepole. Tazama nyuma ya bega lako."

Akageuza shingo.

Urefu wa mkono tu kutoka sikio lake, kile kifua. Chekundu. Kinapanda, kinashuka. Na jicho jeusi linamtazama, tena ni kama lilianza kumtazama zamani. Bwana akasahau picha, akasahau grupu, akasahau hata kufunga mdomo. Simu ikaita na kuita: "Umemwona? Kaka, umemwona?"

Cheka tu, wewe wa benchi la nyuma! Sisi je? Si ndio tunaompa Mungu mgongo, tukajipiga picha ya huzuni, kisha tukamshitaki kwamba hajatokea? Na mgongo wako huuoni ng'o, anauona mwenzako. Ndiyo maana tunakusanyika. Yule mgonjwa uliyeahidi kumtembelea, ukampotezea miezi mitatu sasa, huenda ndiye aliyeshika neno lako. Nenda leo leo. Usijifanye umeenda kumfariji. Kaa chini, umuulize: "Mama, nyuma yangu unaona nini?"