Mamba Aliyekuja Kuangalia Samaki

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa mto, mto ukawa na maporomoko, maporomoko yakawa na kelele. Mnanisikia huko nyuma?

Tunakusikia.

Hamnisikii, mnaitikia tu. Haya, ndiyo hadithi yenyewe, ya mkubwa mmoja aliyesema neno kabla hajaliuliza maana yake. Mimi mito nimeitembea mingi, na hakuna hata mmoja ambao sikuteleza nikatumbukia, kwa hiyo habari za mitoni niachieni mimi.

Basi, chini ya maporomoko hayo aliishi Kaa, mama mwenye watoto. Watoto wa kaa wa mtoni hawaachwi nyumbani, maana nyumba yenyewe ni shimo. Hubebwa chini ya tumbo la mama yao, wadogo kama punje za mtama, na hawa walikuwa wakilia njaa mchana kutwa: ka-ka-ka, mama, tule nini? Ka-ka-ka, mama, tule nini? Kaa alikuwa na jibu moja tu. "Subirini ningu wapande."

Ningu ni samaki wa ziwani. Huko ziwani wana kila kitu, lakini masika yakiingia wanashikwa na wazimu wa kurudi walikozaliwa. Wanaliacha ziwa, wanaupanda mto, wanafika chini ya maporomoko, wanaruka. Pwaa. Wanaanguka. Chubwi. Wanaruka tena. Pwaa. Wanaanguka tena. Chubwi. Ukiwauliza wanakwenda wapi, watakuambia wanakwenda kutaga mayai huko juu, kwenye majani yaliyofurika. Baadaye watoto wao wanashuka na maji, wengi kama mvua, na hapo ndipo watoto wa kaa wanapokula. Wasipopanda wakubwa, hawashuki wadogo. Na wasiposhuka wadogo, Kaa atabaki na tumbo lisilo na wa kulilia.

Sasa kulikuwa na Mamba. Aliishi mbali kule chini, karibu na ziwa, ndani ya dimbwi la matope, na kila mwaka ningu walimpita kichwani yeye akiwa amelala. Alikuwa mkubwa, alikuwa na nguvu, na alikuwa na tumbo lililotangulia kufika kila alikokwenda. Siku moja Kwazi, yule ndege mvuvi mwenye kichwa cheupe, akamchokoza kutoka juu ya mti.

"Mzee, wewe si mla samaki?"

"Ndiye mimi."

"Na hujui ningu wanarukia wapi?"

"Samaki anaruka?"

Kwazi akacheka mpaka akadondosha unyoya.

Mamba akaupanda mto. Buru, buru, buru, tumbo likisugua mchanga. Alipofika chini ya maporomoko akasikia kitu kinatambaa, akakikanyaga.

"Nani hapo?"

"Kaa."

"Nimeshakaa. Nimeuliza nani."

"Kaa, mzee."

"Nikae mara ngapi? Tumbo langu liko chini tangu nizaliwe."

"Mzee, Kaa ni mimi. Ndilo jina langu."

"Wazazi wako walikosa jina lingine? Haya, sikiliza. Ningu wanaruka lini, na wanaruka wapi? Ukinidanganya nitarudi. Nitakula wewe, kisha nitawala hao unaowaficha tumboni, mmoja mmoja, kama bisi."

Kaa akafikiri. Akafikiri kwa kushoto, akafikiri kwa kulia. Kwenda mbele kaa hawezi, hata kwa mawazo. Akimdanganya, watoto wataliwa. Akimwambia kweli, ningu wataliwa, na watoto watakufa njaa. Akaona bora amwambie kweli yote, halafu aongeze kidogo kwa pembeni.

"Wapi? Hapa hapa, mzee, maji yanapogeuka povu. Lini? Mvua inyeshe mpaka mto uwe rangi ya chai ya maziwa. Asubuhi yake, ukungu ukianza kuondoka, uwe hapa."

"Basi?"

"Basi. Ila ningu wana mila zao. Kabla ya kuruka humtuma mwenzao aulize, aliye hapo amekuja kufanya nini? Ukisema umekuja kula, wanageuza wanarudi ziwani."

"Kwani mimi mjinga? Nitasema nimekuja kuoga."

"Wewe na kuoga, mzee? Hawataamini. Sema umekuja kuangalia. Wengi huja kuangalia. Ngedere huja, nguchiro huja, Bi Kiboko huja na mtoto wake. Kuangalia hakuna kiingilio."

"Nimekuja kuangalia samaki," Mamba akajaribu. Ukamjia utamu fulani ulimini, utamu wa uongo ambao mtu anadhani kautunga mwenyewe. "Nimekuja kuangalia samaki. He, he. Kuangalia."

"Siku hiyo iseme kwa sauti, mzee. Maporomoko yana kelele."

Mvua ikanyesha. Ikanyesha. Ikanyesha mpaka vyura wakaomba radhi. Mto ukawa chai ya maziwa, na asubuhi yake, ukungu ulipoanza kuondoka, kingo zote mbili zilikuwa zimejaa watazamaji. Bi Kiboko alikuwa majini na mtoto wake. Bi Kiboko hali samaki na hapendi mzaha, na wanasema aliwahi kumvunja mamba mmoja uti wa mgongo kwa sababu ya salamu iliyokaa vibaya.

Ningu mmoja akatoa kichwa. "Aliye hapo amekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuangalia samaki," akasema Mamba.

"Hawajasikia, mzee," Kaa akamnong'oneza.

"Nimekuja kuangalia samaki."

"Wa ng'ambo bado."

"Nimekuja kuangalia samaki," Mamba akanguruma, na majani yakatikisika.

Kaa akapanda juu ya jiwe, akagonga magando yake. Kacha, kacha, kacha.

"Jamani, mmesikia kwa masikio yenu. Samaki hawa ni wageni, na mto umejaa walafi, na tangu mto uanze kutiririka hajatokea wa kujitolea kuwaangalia. Leo Mzee Mamba, kwa hiari yake, tena mara tatu, amesema amekuja kuwaangalia. Atakayemgusa samaki ana kesi na Mamba. Ningu, piteni. Mna mwangalizi."

Kingo zikalipuka kwa vifijo. Ngedere wakasokota shada la majani wakamvika shingoni, wakaimba, "Mwangalizi, Mwangalizi." Mamba akasikia raha kwanza, maana hajawahi kuitwa kwa jina refu namna hiyo. Maana yake ikamfikia baadaye.

"Kaa," akanong'ona, "mimi nilisema kuangalia. Kuangalia kwa macho."

"Ndiyo hiyo hiyo, mzee."

"Siyo hiyo. Kutazama."

"Ungesema kutazama. Jirani akikuletea mtoto wake akakuambia niangalizie, wewe unafanyaje?"

"Sijawahi kuletewa mtoto."

"Majirani zako wana akili."

Bi Kiboko akasogea. Maji yakasogea naye. "Mamba, nimesikia sawasawa? Umesema kuangalia?"

Mamba akayatazama meno ya Bi Kiboko, marefu kama michi. "Kuangalia, Bibi."

"Mara tatu?"

"Mara tatu, Bibi."

"Basi nikae karibu, nione unavyoangalia."

Ningu wakaanza. Wakaruka, pwaa. Wakaanguka, chubwi. Wakampita Mamba kushoto, wakampita kulia, wakampita puani. Mamba akiwa ameduwaa, kinywa wazi, ningu mmoja mnene, tumbo limejaa mayai, akaruka vibaya akatua juu ya ulimi wake. Tapwi.

Hata maporomoko yakapunguza sauti. Mate yakamjaa Mamba kinywani, na yule ningu akaanza kuelea ndani yake.

"Huyo mgeni amepotea njia," akasema Bi Kiboko. "Muelekeze."

Mamba akamtema. Tfu. Taratibu, upande wa juu.

Ndipo Kwazi akashuka, vuuu, kucha mbele.

"Mwangalizi," akaita Kaa kutoka kwenye jiwe lake, "si unaona?"

Mamba akajirusha, akafunga taya kwenye mkia wa Kwazi. Kwap. "Muache samaki."

"Mzee? Umeanza lini mambo haya?"

"Asubuhi hii," akasema Mamba, na machozi yakamtoka. Watu husema machozi ya mamba ni ya uongo. Yale ya siku ile yalikuwa ya kweli kabisa.

Ningu wakapita wote. Watazamaji wakatawanyika, na Mamba, shada shingoni na njaa tumboni, akamgeukia Kaa.

"Umenidanganya."

"Nilikuambia lini, ikawa hiyo siku. Nilikuambia wapi, pakawa hapa. Uongo wa kuangalia uliusema wewe, mzee, na uliusema vizuri."

Mamba akainua mguu amponde. Sauti ikatoka nyuma yake.

"Mwangalizi, mimi navuka nikale majani. Niangalizie na huyu." Bi Kiboko akamsukuma mtoto wake, mkubwa kama gogo, naye akampanda Mamba mgongoni. "Na Kaa huyo na wanawe, wasije wakakanyagwa. Nikirudi nitawahesabu."

Mguu ukashuka polepole, pembeni.

Ikawa hivyo masika yote. Bi Kiboko akivuka, Mamba anaangalia. Bi Kiboko akirudi, Mamba anaangaliwa. Akiteleza kidogo kuelekea kwenye dimbwi lake, mtoto wa kiboko analia, na akilia, mama anasikia.

Maji yalipoanza kupungua, watoto wa ningu wakashuka kutoka kwenye majani, wengi kama mvua, mbele ya macho ya Mamba aliyekuwa akimbembeleza mtoto wa watu alale. Kaa akawaongoza wanawe mpaka maji ya kina kifupi, akafungua magando, na chakula kikaanza. Katikati ya kula, mmoja wao akasimama.

"Mama, si hawa ndio samaki wa kuangaliwa?"

"Ndio hao, mwanangu," akasema Kaa. "Angalia miiba."

Hadithi yangu imeruka, pwaa, na imeanguka, chubwi. Aliyeangukiwa nayo ulimini asiiteme.

Funzo lake mmeliona wenyewe. Mkubwa asimle mdogo, mdogo asimdanganye mkubwa, na kila aliyekabidhiwa cha mwenzake akiangalie kama Mamba, si kama Kaa. Kaa alifanya vibaya sana, na ndiyo maana mpaka leo anatembea upande upande, kwa aibu. Amenenepa, ndiyo, lakini ni unene wa aibu. Mamba ndiye shujaa wetu, mpigieni makofi, kwa sababu ndicho chakula pekee alichopata.

Na mwenye samaki jikoni aseme mapema. Nitamwangalizia.