Mgeni Aliyeshindilia Tuta

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Aliyekaa mlangoni atajijua mwenyewe.

Hapo kale, kijiji kimoja cha milimani kilikuwa na mto. Kiangazi ulikuwa mdogo, unauruka. Masika ulikuwa muuaji. Ulibeba mbuzi, ukabeba kuku, ukabeba watoto wa watu. Huko bondeni lilikaa zimwi, mdomo wazi, linapokea tu.

Siku moja watu wakasema, yatosha. Wakaitana msaragambo, kazi ya wote, wajenge tuta la udongo kuuzuia mto. Kila nyumba ilipewa kipande chake: uchote udongo, uulowanishe, uushindilie kwa miguu. Jioni Mzee Kisaka, mkuu wa kazi, alipita akichoma kila kipande kwa fimbo. Fimbo ikizama, unarudia.

Kipande cha katikati kilikuwa cha Nakunda, mjane mwenye mtoto mchanga. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza chini ya tuta. Mgongo ulimuuma, akawa hawezi tena. Basi akatokea mgeni, mrefu, mpole, mwenye salamu nyingi.

"Dada, kanyonyeshe mtoto. Nitakushindilia mimi."

Akakanyaga, akakanyaga, akakanyaga. Jua lilipozama, watu wakatazama, hayupo. Mzee Kisaka akakipita kipande kile bila kukichoma.

"Mgeni hakaguliwi kazi," alisema. "Ni kumtukana."

Basi mvua ya kwanza ikanyesha. Nakunda akasikia sauti ndani ya tuta:

"Maji, maji, jaa. Mtoto, mtoto, njoo."

Akamwendea mzee. "Babu, tuta linasema. Nenda ukakichome kile kipande."

"Mgeni hakaguliwi kazi."

Mvua ya pili ikanyesha. "Maji, maji, jaa. Mtoto, mtoto, njoo."

"Babu, nakuomba."

"Mgeni hakaguliwi kazi. Unataka tuonekane watu gani?"

Mvua ya tatu ilianza alfajiri, haikukatika. Maji yakapanda nyuma ya tuta. Nakunda akaingia ndani kumchukua mwanawe, akamkuta amegeukia upande wa tuta, anacheka, amenyoosha mikono. "Maji, maji, jaa. Mtoto, mtoto, njoo."

Aliogopa, wajukuu zangu. Lakini alimfunga mtoto mgongoni, akashika jembe, akapanda juu ya tuta.

Akachimba. Udongo ukatoka, na chini yake kulikuwa na uso. Macho yalikuwa wazi. Yule mgeni hakuwa ameondoka. Alijilaza humo, akajifukia mwenyewe.

"Dada, umewahi," zimwi likasema. "Nilingoja maji yajae. Nikiinuka, yatapita hapa nilipolala."

Nakunda akapiga yowe. Watu wakaja mbio. Zimwi lilikuwa limeshatoa mkono mmoja, na maji yanachuruzika kwapani mwake.

"Kanyageni," Nakunda akasema. "Tusipomzika, tumekwisha."

Wakamwaga udongo, wakaanza kukanyaga. Zimwi likaita kwa upole. "Mzee Kisaka, mimi ni mgeni wako. Mnamkanyaga mgeni?"

Mguu wa mzee ukabaki hewani. Muhali ulimshika, jamani, hata pale. Watu nao wakasimama, wakamtazama yeye. Maji yakazidi.

Nakunda akamgeuzia mgongo, aone mtoto. "Babu, na huyu ni mwenyeji wako."

Basi mzee akashusha mguu, mdomoni mwa zimwi. Wote wakakanyaga, wakakanyaga, wakakanyaga, mpaka sauti ikazimika na mvua ikakatika.

Hawakuliua. Nani angelifukua? Limo humo hadi leo, na watu wanalala chini yake. Kila masika hupanda wakalikanyaga tena.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye hofu aibebe taratibu, asiimwage njiani. Mgeni mpe maji, mpe chakula, mpe kitanda. Kazi yake ikague.